Maumivu Yasiyoisha, Moyo Unaochoka

REHEMA: Karibuni wasikilizaji. Mimi ni Rehema, niko na mdogo wangu Zuhura, na leo tunamzungumzia mwanamke anayelala na maumivu na kuamka nayo. Zuhura, maumivu sugu ni yapi hasa?

ZUHURA: Ni yale yanayodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3. Humo kuna mgongo, kipandauso, nyonga, faibromayalja inayouma mwili mzima, na endometriosisi, ambapo tishu inayofanana na ile ya ndani ya mfuko wa uzazi inaota nje yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa endometriosisi peke yake inawapata kama asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa.

REHEMA: Na wengi wao wanazungushwa miaka na miaka. Wanaambiwa hedhi ndivyo ilivyo, vumilia. Vipimo visipoonyesha kitu: "Huna ugonjwa, punguza mawazo."

ZUHURA: Kauli hiyo inaniuma sana, dada. Moyo unahusika kweli, ila si kwa maana ya kwamba mtu anajitungia. Ndani ya ubongo, sehemu zinazoshughulikia maumivu na zinazoshughulikia hisia zinaingiliana. Mwaka 2020 jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa maumivu ilipoandika upya maana ya maumivu, iliyaeleza kuwa ni jambo la mwili na la hisia kwa pamoja. Ikaongeza kuwa mtu akisema anaumwa, kauli yake iheshimiwe.

REHEMA: Sasa mtu alianza na mgongo tu. Anafikaje kwenye sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka?

ZUHURA: Mara nyingi kupitia usingizi. Ukiumwa hulali, na usipolala, kesho yake unaumwa zaidi. Unaacha shughuli ulizozipenda, unajitenga, unaogopa hata kuinama. Hofu inakaza misuli, na mfumo wa fahamu nao unazidi kuwa mwepesi wa kuhisi maumivu, mpaka mguso ambao zamani hukuujali sasa unakuliza. Na kinyume chake pia kipo: mwenye sonona yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata maumivu sugu baadaye.

REHEMA: Hapa nataka tukae. Kuna wanawake wanaandikiwa amitriptilini kwa ajili ya maumivu. Wanafika nyumbani, wanafungua karatasi ya maelezo, wanakuta imeandikwa ni dawa ya sonona. Wanajua tayari daktari hakuwaamini. Dawa inaishia kabatini.

ZUHURA: Kwa sababu hakuna aliyewaeleza! Dakika 2 tu zingetosha. Ubongo una njia zinazoshuka hadi kwenye uti wa mgongo kupunguza nguvu ya maumivu, na njia hizo zinatumia serotonini na noradrenalini, kemikali zilezile zinazohusika na hisia, yaani huzuni na furaha. Amitriptilini, na dawa nyingine ya sonona iitwayo duloksetini, zinaziongezea nguvu. Tena amitriptilini kwa maumivu kwa kawaida hutolewa kwa dozi ndogo kuliko ya sonona. Mtu asiyekuwa na sonona hata chembe anaweza kuandikiwa. Ila asianze wala asiache ghafla bila kuzungumza na aliyemwandikia.

REHEMA: Na kwa nini maumivu sugu yanawapata wanawake zaidi?

ZUHURA: Homoni zina sehemu yake. Lakini tusisahau utafiti: Marekani, mwaka 1977, mamlaka ya dawa ilielekeza wanawake wanaoweza kushika mimba wasiingizwe kwenye hatua za mwanzo za majaribio ya dawa. Zuio hilo liliondolewa 1993. Hiyo ni miaka 16 ya maswali ambayo hayakuulizwa kwenye miili yetu.

REHEMA: Mimi naona wengi wanaficha machozi mbele ya daktari, wakihofia wakisema wamekata tamaa, maumivu yao hayatachunguzwa tena.

ZUHURA: Na hofu hiyo ina msingi, siwezi kuwalaumu. Ila ningemwomba aseme vyote: panapouma, anavyolala, alivyoacha kufanya nini. Kisha aulize wazi, "Uchunguzi wa maumivu unaendelea vipi huku moyo wangu nao ukitibiwa?" Ushauri wa kisaikolojia na mazoezi yanayoongezwa polepole vinasaidia wengi, lakini visiwe njia ya kumwondoa chumbani kwa daktari kabla maumivu yake hayajachunguzwa.

REHEMA: Na aliyefikia kutamani asiamke kesho?

ZUHURA: Huyo asisubiri tarehe ya kliniki. Amwambie mtu wa karibu leo hii, wafuatane kwenye huduma ya dharura, na aseme hivyohivyo alivyo, bila kupunguza.