Je, Chingulia Alilowa Tu?

DADA: Hamjambo, karibuni tena kipindini. Niko na mwalimu wangu, katekista mstaafu. Shikamoo, mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, dada. Nasikia umeniitia kesi.

DADA: Kesi ya mama yangu. Nilibatizwa mchanga, Kanisa Katoliki. Nikiwa na miaka 24 nikaokoka, tukateremka ufuo wa Pirates, Mombasa, kubatizwa kwa maji mengi. Siku ya bamvua, na hakuna aliyeuliza saa za maji! Tukakuta yamekupwa, tunakanyaga mwani na leso zetu viunoni, mchungaji anatafuta mahali patakapotufika hata kifuani. Nimerudi nyumbani nina chumvi kichwani, mama akaniuliza: "Yale ya kwanza yalikuwa na kasoro gani?"

MWALIMU: Hata mimi ningeuliza hilo hilo. Kwetu ubatizo haurudiwi. Ukishamwagiwa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, dhambi ya asili imeondolewa, neema imeingia, na roho imetiwa chapa isiyofutika. Mtoto hajui kitu, sawa, lakini anayefanya kazi ni Mungu. Hata aliyebatizwa hivyo na Waanglikana hapo Nkrumah Road, akija kwetu kanisa la Holy Ghost hatumbatizi upya.

DADA: Basi nikuletee mtu. Chingulia.

MWALIMU: Loo! Leo umekuja na mkuki.

DADA: Kwa wasiomjua: Yusuf bin Hasan, mtoto wa sultani wa Mombasa. Baba yake aliuawa, na mkono wa Wareno ulikuwemo. Wakamchukua mtoto hadi Goa, koloni lao huko India, akalelewa na watawa Waagustino, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo Chingulia, akarudishwa kutawala. Agosti 1631 akaingia Fort Jesus, akamuua kepteni, akaurudia Uislamu. Wareno wakauawa, pamoja na Wakristo Waafrika waliokataa kuiacha imani. Neema ilikuwa wapi siku hiyo?

MWALIMU: Askari akitoroka jeshini, chapa ya jeshi bado anayo; ndiyo maana huitwa mtoro. Mfano huo ni wa Mtakatifu Augustino, ambaye jina lake ndilo walilobeba watawa wale wa Goa. Neema ya utakaso mtu huipoteza kwa dhambi ya mauti. Chapa haipotei. Na mtoto aliyelelewa na waliohusika na kifo cha babake... mimi siyalaumu maji.

DADA: Kwetu tungesema hakuwahi kuzaliwa mara ya pili. Alilowa tu. Imani hutangulia, maji ni ushuhuda.

MWALIMU: Hayo ni yenu, msiwasemee Waprotestanti wote. Martin Luther, aliyeanzisha Uprotestanti, alitetea ubatizo wa watoto wachanga maisha yake yote. Wale waliobatizana upya Zürich, Uswisi, mwaka 1525 waliteswa na Waprotestanti wenzao. Felix Manz, mmoja wa viongozi wao, walimzamisha mtoni, 1527.

DADA: Wakamwadhibu kwa maji! Ukatili na kejeli juu yake.

MWALIMU: Ugomvi wetu na Luther uko kwingine. Ulipotoka baharini, ile hamu ya dhambi iliisha?

DADA: Wiki hiyo hiyo nilimtukana makanga wa matatu.

MWALIMU: Enhe! Sasa hamu yenyewe ni dhambi, au ni kuni kavu zinazongoja moto? Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wetu, 1546, ulisema ni kuni: si dhambi mpaka uiridhie, maana ndani umeshasafishwa kweli. Luther akasema ni dhambi hasa, ila Mungu hakuhesabii, kwa ajili ya Kristo. Unahesabiwa haki, na papo hapo bado u mwenye dhambi.

DADA: Subiri, mwalimu. Sisi walokole tunadai badiliko lionekane: pombe iachwe, mke asipigwe. Kumbe tuko jirani na Trento kuliko na Luther!

MWALIMU: (anacheka) Usilisemee hilo kanisani kwenu.

DADA: Mchungaji atanirudisha Pirates mara ya tatu.

MWALIMU: Na mama ulimjibu nini?

DADA: Nilimwambia ile mara ya kwanza mimi sikuwepo. Hakubishana. Akafungua sanduku, akatoa cheti cha ubatizo, karatasi imeshakuwa manjano, akaweka kidole juu ya jina langu. "Ulikuwepo," akasema. "Ulilia mpaka padri akasimamisha sala."