Uzito wa Mbao na Uzito wa Maji

Wazee wangu, akina mama, vijana wa chama cha wavuvi, asanteni kwa kunialika hapa Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Mmeniambia mmepata boti mbili za tanga zilizotumika. Zote ni mita 7, umbo moja, bei inakaribiana. Ila moja husukumwa na watu wanne, na nyingine haiondoki mchangani bila watu saba. Mnataka kujua mchukue ipi.

Nami nawauliza: huo uzito umetoka wapi?

Niliwahi kununua boti nzito nikiamini uzito ndio uimara. Ilikuwa imepakwa rangi mpya, inapendeza. Wiki ya pili nikachoma kisu karibu na mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa ya boti, ncha ikazama kama kwenye muhogo uliochemka, maji meusi yakachuruzika. Nilikuwa nimenunua maji! Zile fedha zilikuwa za karo ya watoto, na mpaka leo zinaniuma.

Kwa hivyo ile ya watu saba ichunguzeni ndani. Gongeni kwa mpini wa kisu: mbao nzima hulia, iliyooza hutoa sauti ya bubu. Chomeni pale mataruma, yaani mbavu za boti, yanapokutana na mkuku, maana maji yanayoingia botini hulala hapo. Kisha ikae nchi kavu wiki kadhaa, kivulini, kwa sababu jua kali litaachanisha viungo na kalafati, ile pamba ya kuziba nafasi za mbao, itoke. Wale wale saba warudi kuisukuma. Ikiwa sasa inawatosha watano, mmeshapata jibu.

Ikiwa ni mbao nzima ya mvule, isiyooza, uzito huo ni wa haki, nami siudharau. Ghuba yetu ni ya maji ya kina kifupi. Upepo wa alasiri ukivuma kutoka ziwani, mawimbi huja mafupi, yamesimama, yamefuatana. Boti nzito huyapasua. Nyepesi hugongwa na kila wimbi, na ukigeuza tanga vibaya inasimama kabisa. Lakini asubuhi, mnapotoka na ule upepo mwanana wa nchi kavu, nyepesi itakuwa imeshafika kwenye nyavu nzito ikisuasua.

Zitieni zote majini zikiwa tupu, mpime toka ukingo hadi maji. Boti ya ukubwa huu ikizama sentimita 1 zaidi, ni kama kilo 70. Nzito ikizidi kwa sentimita 3, hao ni watu watatu mnaowabeba kila safari bila kuvuta wavu.

Mimi ningechukua nyepesi, mradi misumari yake haijalegea. Hapa hatuna gati. Kila jioni boti inavutwa kwa mabega yenu. Tena uzito unaweza kuongezwa alasiri ikichafuka, ila mbao nzito huwezi kuipunguza. Msiongeze kwa magunia ya mchanga, nawasihi. Boti ya mbao ikijaa maji bado huelea, lakini mchanga utaizamisha pamoja nanyi. Jazeni mitungi ya lita 20 maji ya ziwa, muifunge chini kwenye mataruma. Boti ikijaa, maji yaliyo ndani ya maji hayaivuti chini. Na mkiwahi kuimwaga na kuifunga vizuri, mitungi hiyo hiyo ni maboya ya kushikilia.

Kesho alfajiri nitakuja na kisu changu na futi. Mwenye ile boti nzito aombwe aitoe majini leo jioni, aiweke chini ya mti.