Jinsi ya Kujenga Kigari cha Mustang ya 1966 kwa Kulitazama Gari Lenyewe

Karibuni, watazamaji. Leo tunaunganisha kigari cha plastiki cha Ford Mustang ya 1966, ile ya milango miwili na paa gumu, katika kipimo cha 1 kwa 25, na tutaifanya kazi hiyo huku gari lenyewe likiwa limeegeshwa hatua chache kutoka mezani. Mustang mnayoiona nje ya dirisha ndiyo inayonipeleka kazini hapa Fort Worth, Texas, siku tano kwa wiki, na ndiyo itakayokuwa mwalimu wetu. Nimeona vigari vingi vilivyojengwa kwa ustadi mkubwa kutokana na picha za magari ya maonyesho, vinavyong'aa mpaka uvunguni. Mimi napenda tujenge gari linalowashwa alfajiri, linalosubiri kwenye taa za barabarani pamoja na mengine, na linalorudi nyumbani jioni likiwa na vumbi la siku nzima.

Kabla ya kukata kipande chochote, tokeni nje na futi ya kupimia. Gari hili lina urefu wa milimita 4,613, na kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma ni milimita 2,743. Mkigawanya kwa 25, bodi ya plastiki inapaswa kukaribia milimita 184.5, na magurudumu yaachane kwa milimita 109.7. Andikeni namba hizo kwenye karatasi na muibandike ukutani, kwa sababu tutazirudia tutakapofika kwenye ekseli.

Sasa fungueni mlango wa dereva na msome kibati kilichopigwa ribiti pembeni mwa mlango. Namba ya gari langu inaanza na 6R07C. Tarakimu 6 ni mwaka 1966. Herufi R ni kiwanda cha San Jose, California, ilhali gari lililotoka Dearborn, Michigan, lingekuwa na F, na lililotoka Metuchen, New Jersey, lingekuwa na T. 07 ni bodi ya paa gumu. Na C ni injini ya V8 ya inchi za ujazo 289 yenye kabureta ya koo mbili. Kwenye sehemu ya rangi kuna herufi U, yaani Tahoe Turquoise, rangi ya feruzi iliyokolea. Kibati hicho kidogo kimetuamulia tayari injini tutakayoijenga na rangi tutakayoipuliza. Mustang ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, na za mwaka 1966 peke yake zilitengenezwa zaidi ya 600,000. Ndiyo maana hadi leo vipuri vyake vinapatikana, na mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuliendesha kila siku bila kulihofia.

Turudi mezani. Osheni vipande vyote vikiwa bado kwenye fremu zao, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa kuwa plastiki hutoka kwenye kalibu ikiwa na mafuta yasiyoonekana ambayo huifukuza rangi. Viacheni vikauke vyenyewe. Mnapokata, kikonyo, yaani kijiti kinachokishika kipande kwenye fremu, msikikate karibu na kipande. Acheni milimita moja, kisha mpunguze kwa kisu na kumalizia kwa msasa namba 400 na 600. Anayekata karibu mno hung'oa nyama ya kipande chenyewe, na baadaye hulazimika kulijaza shimo kwa puti.

Tunaanza na injini, na hapa nawaomba tuwe na subira, kwa sababu boneti ikifunguliwa kila jicho huangalia hapo kwanza. Gundisheni nusu mbili za bloku, silinda hedi, manifoldi na kava za tapeti, kisha pulizeni buluu ya Ford juu ya vyote kwa pamoja. Injini za mwaka 1966 zilipakwa buluu moja, pamoja na kava za tapeti na chombo cha chujio la hewa. Aliye na gari la 1965 lenye injini hii atakuta bloku nyeusi na kava za rangi ya dhahabu, kwa hiyo msichanganye. Kabureta ipakeni kijivu cha metali, kisha chovyeni ncha ya brashi kwenye rangi ya kahawia iliyozimuliwa sana na muiguse pale chini inapokutana na manifoldi. Tazameni kabureta ya gari halisi kwenye picha hii: petroli hukauka hapo na kuacha doa kama la chai.

Zinafuata waya za plagi. Waya ya plagi katika gari langu ina unene wa milimita 7, na ukiugawanya kwa 25 unapata milimita 0.28. Waya nyingi zinazouzwa kwa ajili ya kazi hii ni nene kuliko hapo, na injini huonekana kama imefungwa mabomba ya maji. Mimi huchuna waya wa spika, nikachomoa uzi mmoja wa shaba, nikaupima kwa vernia, kisha nikaupaka rangi nyeusi isiyong'aa. Distributa, yaani kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, iko mbele katika injini hii. Toboeni tundu moja la milimita 1.2 juu yake, na mpenyeze nyuzi tisa: moja katikati, inayokwenda kwenye koili, na nane kuizunguka. Mkitazama kutoka juu na kuzunguka kinyume cha saa, mpangilio wa kuwaka kwa silinda ni 1-5-4-2-6-3-7-8. Silinda 1 hadi 4 ziko upande wa abiria, zikihesabiwa kutoka mbele kwenda nyuma, na 5 hadi 8 ziko upande wa dereva.

Angalieni silinda 7 na 8. Zimepakana nyuma upande wa dereva, na katika mpangilio huo huwaka moja baada ya nyingine. Waya zake zikilazwa sambamba zikigusana, umeme wa moja unaweza kuamsha nyingine kabla ya wakati wake. Nililijua hilo kwa kuchelewa: kwa wiki mbili gari langu lilikuwa likikohoa kila nilipokanyaga mafuta kuingia barabara kuu, nami nikasafisha kabureta mara mbili bila mafanikio, mpaka jirani yangu, fundi mstaafu, alipofungua boneti, akazitenganisha waya mbili kwa vidole vyake, na kikohozi kikaisha palepale. Kwa hiyo katika kigari hiki uzi wa 7 na wa 8 msiulaze mmoja juu ya mwingine. Upitisheni wa 8 nje ya 5 na 6, na 7 ubaki ndani. Ni tofauti ya milimita mbili tu, lakini fundi atakayeinama kutazama atajua kwamba mjenzi ameshika gari la kweli.

Ongezeni pia mpira wa petroli kutoka pampu hadi kwenye bomba la chuma. Petroli ya Marekani siku hizi kwa kawaida huwa na ethanoli hadi asilimia 10, na mipira ya zamani haiivumilii. Hulainika, hupasuka na kudondosha petroli karibu na ekzosi yenye moto. Yeyote anayetaka kuliendesha gari la umri huu kila siku aibadilishe mipira hiyo kabla ya kufikiria rangi au viti, na achague oili yenye zinki ya kutosha, kwa kuwa tapeti za injini hii ni bapa na husagana na kemshafti. Katika kigari, mpira huo ni kipande cha waya mweusi chenye urefu wa milimita 4.

Tugeuze chasisi. Pakeni nyeusi iliyofifia, si nyeusi ya kung'aa, na ekzosi iwe ya kahawia yenye kutu kwenye maungio. Tangi la petroli la Mustang lina jambo la pekee: sehemu yake ya juu ndiyo sakafu ya buti, nalo limefungwa kwa skrubu kuzunguka ukingo wake. Kwa hiyo msilipake rangi ya chasisi. Lipakeni kijivu cha bati, na muuache ukingo uonekane.

Mustang ya 1966 ilitoka kiwandani na masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki, ya chumba kimoja, maana yake bomba moja la breki likipasuka, magurudumu yote manne hukosa breki. Kuanzia mwaka 1967 magari ya Marekani yaliwekewa vyumba viwili. Mimi nimefunga masta silinda ya vyumba viwili na breki za diski mbele, na naona ndilo badiliko la kwanza ambalo mtu mwenye familia anapaswa kulifanya, hata kama wapenzi wa uhalisi watanung'unika. Kwenye seti yetu masta silinda ni kikombe cha duara. Kikateni, na mahali pake mgundishe kisanduku cha plastiki chenye urefu wa milimita 6 na upana wa milimita 3, kilichochorwa mstari katikati.

Kabla gundi ya ekseli haijashika, rudieni ile namba ya ukutani: milimita 109.7, pande zote mbili. Wale tuliokua tukitengeneza magari ya waya tunakumbuka kwamba ekseli ikipinda kidogo tu gari lote hukimbilia mtaroni, na kanuni hiyo haijabadilika. Wekeni kigari juu ya kioo bapa. Matairi yote manne lazima yaguse.

Bodi sasa. Mistari ya kalibu hupita juu ya mabawa ya mbele na nguzo za paa. Iondoeni yote kwa msasa namba 600, kwa kuwa gari halisi halina mistari hiyo. Pulizeni praima ya kijivu, ikaukie usiku mzima, kisha msugue kwa msasa wa maji namba 1000. Rangi ya gari halisi ina unene unaokaribia milimita 0.1, nao ukigawanywa kwa 25 haupatikani kwa kopo lolote la rangi, basi lililobaki kwetu ni kupuliza nyembamba kadiri tuwezavyo. Shikeni kopo umbali wa sentimita 25, anzeni kupuliza kabla ya kuifikia bodi na muache baada ya kuipita, mara tatu, mkipumzisha dakika 20 kila mara. Tazameni zile pau tatu za mapambo mbele ya gurudumu la nyuma: kama bado mnaona kingo zake zikiwa kali, rangi ni sawa. Zikiwa zimeviringika kama sabuni iliyotumika, mmezidisha.

Kingo za madirisha na mifereji ya paa zifunikeni kwa foili nyembamba ya metali, mkiisukuma kwa kijiti cha meno hadi ikae kwenye mchirizi, kisha mkate kwa ncha mpya ya kisu. Grili ya 1966 ina farasi ndani ya fremu yake, bila zile pau zinazotoka pembeni kama za 1965. Seti nyingine huleta za miaka yote miwili, kwa hiyo chagueni kwa makini.

Mbele ya kioo kuna nafasi nyembamba za kuingizia hewa. Zijazeni weusi uliozimuliwa, na hapo niwaeleze jambo kwa faida ya wenye gari. Chini ya nafasi hizo kuna mfereji uliofichwa ndani ya bodi, na kutu ikiutoboa, maji ya mvua hushukia miguuni mwa dereva. Asubuhi moja niliingia garini nikakanyaga zulia lililojaa maji mpaka soksi zikalowa, ilhali milango na madirisha vilikuwa vimefungwa usiku kucha. Anayetaka kununua Mustang ya miaka hiyo aondoe mazulia, amwage maji taratibu kwenye nafasi hizo, huku mwenzake akimulika tochi chini ya dashibodi. Tone moja likionekana, bei ijadiliwe upya.

Ndani hatutakaa sana. Viti na milango viwe vyeusi visivyong'aa, dashibodi iwe nyeusi, na saa zake ziguswe kwa tone la vanishi ili zionekane zina vioo. Kiti cha dereva peke yake kisugueni katikati kwa kitambaa kikavu mpaka kingo zing'ae kidogo. Cha abiria kiacheni kama kilivyo.

Tukishafunga bodi juu ya chasisi, tunalipeleka gari barabarani. Saga chaki ya rangi ya udongo iwe unga, kisha kwa brashi laini pakeni nyuma ya kila tairi na chini ya milango, mkienda kutoka mbele kwenda nyuma kama vumbi linavyorushwa. Mdomo wa ekzosi uwe na masizi. Ukingo wa mlango wa dereva, pale kidole gumba kinaposhika kila siku, uguseni kwa ncha ya penseli. Halafu acheni. Kigari hiki kimetumika, hakijatelekezwa.

Mwisho ni picha. Mtu aliyesimama ana macho karibu mita 1.65 kutoka ardhini, na kwa kipimo chetu hiyo ni milimita 66. Wekeni lenzi ya simu kwenye kimo hicho, sentimita 20 kutoka kwenye kigari, upande wa dereva na mbele kidogo, huku mwanga ukitoka dirishani. Hivyo ndivyo ninavyoliona gari langu kila asubuhi nikiwa mlangoni na ufunguo mkononi.