Pancho Villa: Jeshi Zima Likimsaka Mtu Mmoja

Ndugu zangu, nianze na picha. Agosti 1914, El Paso, Texas. Pancho Villa, jemadari wa mapinduzi ya Meksiko, amesimama bega kwa bega na Jenerali John Pershing wa Marekani. Ni wageni na wenyeji wanaoheshimiana.

Haikuchukua muda. Oktoba 1915 Rais Wilson wa Marekani alimtambua Carranza, hasimu wa Villa, kuwa kiongozi wa Meksiko, kisha akawaruhusu askari wa Carranza kupita kwa treni ndani ya Marekani kwenda kuulinda mji wa Agua Prieta, upande wa Meksiko mpakani. Villa alipoushambulia usiku, alikuta seng'enge, bunduki za rashasha na taa kali zinazommulika machoni. Kwake ule ulikuwa usaliti, na hapo mimi sina la kumbishia.

Alfajiri ya Machi 9, 1916, watu wake kama mia tano waliuvamia mji mdogo wa Columbus, New Mexico. Wamarekani 18 waliuawa, wengi wao raia. Hilo halina utetezi. Lakini mtu aliyekwisha kupigwa anamchokoza mkubwa wake kwa nini? Naona alitaka Marekani iingie Meksiko, Carranza akose pa kushika: akikubali, kibaraka; akikataa, vita.

Nao wakaingia. Siku sita baadaye Pershing alivuka mpaka na maelfu ya askari, malori, na ndege nane. Hizo ndege, jamani! Injini hazikuimudu milima ya Sierra Madre. Wiki tano tu, zilibaki mbili, nazo mbovu.

Na Villa? Alikuwa pangoni, mguu umevunjwa na risasi, farasi hapandiki. Alijeruhiwa katika mji wa Guerrero, jimbo la Chihuahua, akipigana na askari wa Carranza, wala Wamarekani hawakuwapo. Wanavijiji walioulizwa njia waliwaelekeza wageni kusikokuwa na mtu.

Juni 21 huko Carrizal, kikosi cha wapandafarasi weusi wa Marekani kilipambana vikali, lakini si na Villa: ni na jeshi la Carranza, serikali ileile ambayo Washington iliitambua!

Septemba, Pershing akiwa bado kambini katika jimbo la Chihuahua, Villa aliuvamia mji mkuu wa jimbo hilo, akafungua gereza, akatoka na wafungwa na silaha. Desemba akauteka mji wa Torreón. Februari 5, 1917, askari wa mwisho wa Pershing walirudi kwao bila ya Villa.