Sindano Iliyolala Kikombeni

Wale wa nyuma sogeeni, sina kipaza sauti. Mwalimu wenu kaniomba nizungumzie propela nzima, ule mhimili wa chini ya gari unaopeleka mzunguko wa injini kwenye magurudumu. Mimi najijua, nitaishia kwenye krosi, kile kiungo cha kwenye ncha zake kinachoiwezesha kupinda, basi tuanzie huko huko.

Hii hapa. Miguu minne, vikombe vinne. Ndani ya kila kikombe sindano zimejipanga kuzunguka ukuta, na kinachozishika ni grisi tu. Ukigonga ovyo, moja inaanguka na kulala chini ya kikombe. Huioni. Unachoona ni saklipu, kile kipete kinachozuia kikombe kisichomoke, kugoma kuingia kwenye mfereji wake. Hapo unatakiwa utoe kikombe uangalie. Wengi wenu mnaongeza nyundo.

Nami nimeshaiongeza, msinitazame hivyo. Land Rover 109, krosi ya nyuma, upande wa difu, zile gia za katikati ya ekseli. Saklipu ikakataa, nikagonga mpaka ikakubali, tukaondoka. Katikati ya mlima Kitonga, pwaa! Propela ikawa inatwanga chini ya bodi kama mchi. Nikasimama, nikavuta hendibreki, gari likaanza kurudi nyuma. Kwa nini? Nani anajua? Hamna. Hendibreki ya Land Rover ile haishiki magurudumu. Dramu yake iko nyuma ya transfa, ile giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, inashika propela, na propela yenyewe ndiyo hiyo inaning'inia! Sikuthubutu kutoa mguu kwenye breki mpaka utingo aliporuka na jiwe. Nikaingia chini: saklipu hakuna, kikombe hakuna, mguu wa krosi umelika upande mmoja.

Kwa hiyo tumia jiliwa. Kikombe kinasukumwa taratibu, huku mguu wa krosi umeshaingia ndani yake kuzizuia sindano. Ukimaliza chezesha kwa mkono. Ikikaza, gonga kidogo sikio la propela, pale kikombe kinapokaa, ilegee. Isipolegea, fungua, anza upya.

Grisi sasa. Piga bomba mpaka grisi mpya itokeze kwenye sili zote nne, ile mipira ya midomoni mwa vikombe. Nne, si tatu! Ile isiyotoa ndiyo itakayokurudisha hapa. Zungusha propela, piga tena. Najua kuna mtu anasema moyoni, "Mzee, krosi za siku hizi hazina nipo." Nyingi hazina hicho kichuchu cha kupigia grisi, kweli, zikianza kulia kama vifaranga unabadilisha. Lakini kama Land Cruiser yako ina nipo na leo imevuka mto, ipige grisi leo, usingoje sevisi. Na wewe mwenye Vitz usicheke, Vitz ya kawaida propela yenyewe haina.

Mwalimu ananionyesha saa. Haraka haraka: weka alama kabla ya kutoa propela, masikio ya ncha zote mbili yakae sambamba, la sivyo gari litatetemeka nawe utasingizia tairi. Mambo ya difu siku nyingine.

Wewe uliyekuwa unasinzia, njoo ushike hiki kikombe. Mdomo juu, mwanangu. Juu!