Kupanga vifaa vya kikundi kidogo cha kusoma: ukikaa, usiinuke tena

Karibu, mwalimu mwenzangu. Leo tunapanga vifaa vya vikundi vidogo vya kusoma, vile vya watoto watatu hadi watano tunaokaa nao pembeni kwa sababu kusoma bado kunawatatiza. Safisha meza yako kabisa, tufanye pamoja.

Kwanza nikueleze kwa nini jambo hili linanigusa. Zamani nilipanga vifaa kwa aina: kadi zote kabatini, vitabu vyote rafu ya chini, kalamu zote kwenye kopo moja. Darasa lilipendeza macho. Siku moja mtoto alikuwa ameweka kidole chini ya neno “ng'ombe”, akakwama kwenye ile ng', nami nikainuka kwenda kuitafuta kadi yake. Niliporudi, kidole hakikuwa tena kwenye neno. Alikuwa anaangalia dirishani, na wenzake wameanza kusukumana. Alikuwa amejikakamua mpaka kufika pale, halafu nikamwacha njiani. Kipindi chetu kilikuwa cha dakika 25. Ukiinuka mara tano, kila mara dakika moja, umeshachukua sehemu ya tano ya muda wa mtoto ambaye tayari yuko nyuma ya wenzake. Tangu siku hiyo napanga vifaa kwa kikundi. Kila kinachohitajika na kikundi hicho leo kiwe mahali mkono wangu unapofika.

Hatua ya kwanza: mwaga kila kitu mezani. Kalamu iliyokauka, tupa. Kadi iliyofifia, tupa. Kitabu ambacho hukukigusa muhula mzima, kirudishe maktaba. Hapa usichukue muda mrefu.

Hatua ya pili: tafuta kasha moja kwa kila kikundi. Liwe na mfuniko, na karatasi ya A4 ilale ndani bila kukunjwa. Boksi la viatu mara nyingi ni jembamba mno, kwa hiyo pima kwanza. Bandika rangi nje ya kila kasha. Nasema rangi kwa makusudi. Ukiandika 1, 2, 3, watoto watajua siku hiyohiyo kwamba 3 ndiyo ya mwisho, na kuna mtoto atakayeibeba namba hiyo mwaka mzima. Majina yao yaandike kwenye vibanio vya nguo, uvibane ukingoni mwa kasha, namna hii. Mtoto akipiga hatua, unahamisha kibanio chake tu.

Hatua ya tatu ni kadi za silabi, na hapa naomba tusiende haraka. Chukua karatasi ya manila ya ukubwa wa A4, ikunje katikati mara tatu, kisha ikate kwenye mikunjo. Umepata kadi nane zinazolingana. Andika silabi kwa herufi ndogo, si kubwa, lakini ziwe na ukubwa wa kuonekana na mtoto aliyekaa mbali zaidi mezani. Sasa tazama kadi hii. Nimeandika “mu”. Nikiigeuza juu chini, m inakaribia kuwa w, na u imekuwa n kabisa. Hata d ukiigeuza unapata p. Mtoto anayejifunza hajui kadi imekaa vipi, na akikosea tunamlaumu bure. Kwa hiyo kata ncha ya juu upande wa kulia ya kila kadi. Waambie watoto: ncha iliyokatwa inakaa juu, kulia. Watazipanga wenyewe bila kukuuliza.

Nyuma ya kila kadi weka doa dogo la rangi ya kasha lake. Kadi ikiokotwa sakafuni, yeyote anajua inarudi wapi.

Usijaze silabi zote kwenye kasha. Mimi huweka familia nne tu kwa wakati mmoja: ma me mi mo mu, halafu ta, ka, la na ndugu zao. Hizo ni kadi 20, kila familia imefungwa kwa rababendi yake. Nyingine zinasubiri kwenye bahasha kubwa kabatini. Familia ya b na ya d zisiingie pamoja mwanzoni; acha moja izoeleke kwanza, ndipo uilete ya pili. Ng na ng' pia zinahitaji uangalifu huo. Ile alama ya juu ya ng' iandike kwa wino wa rangi tofauti, maana “ng'oa” na “ngoa” mtoto anapaswa kuyaona tofauti kwa jicho kabla hajayatofautisha kwa ulimi.

Hatua ya nne: kadi ya sauti. Chora visanduku vinne upande mmoja wa kadi ndefu, na sita upande wa pili. Zana hii ilitokana na kazi ya Daniil Elkonin, mwanasaikolojia wa Kisovieti, na bado inasaidia sana. Kwa kila mtoto weka kadi moja na vizibo sita vya chupa ndani ya mfuko mdogo wa zipu. Unatamka “paka”, mtoto anasukuma kizibo kimoja kwa kila sauti: p, a, k, a. Visanduku vinne vimejaa. Ukisema “kalamu”, anageuza kadi, vinajaa sita. Hesabu vizibo kabla ya kufunga mfuko, kwa sababu kikipotea kimoja “kalamu” haikamiliki.

Hatua ya tano: matini za kusoma. Usiweke rundo. Kwa kila kikundi weka mbili: moja wanayoiweza, ya kuanzia kwa furaha, na moja ya kufundishia. Kuzichagua, msikilize mtoto akisoma maneno 100. Walimu wengi hutumia kipimo hiki: makosa matano au pungufu, matini ni nyepesi kwake. Makosa sita hadi kumi, hiyo ndiyo ya kusoma nawe. Yakizidi kumi, irudishe kabatini, siku yake itafika. Chapa nakala ya kila mtoto, na yako moja ya kuweka alama.

Hatua ya sita: trei yako mwenyewe. Hii haibadiliki, inahudumia vikundi vyote. Penseli zilizochongwa tayari, vibao vidogo na kalamu zake, kitambaa cha kufutia, saa ya kupimia dakika. Basi.

Hatua ya saba: faili jembamba la kumbukumbu, likae chini kabisa ya kasha. Ukurasa mmoja kwa kila mtoto. Akisoma kwa dakika moja maneno 46 na kukosea manne, andika tarehe na 42. Pembeni andika yale manne aliyoyakosea, kama alivyoyatamka. Binafsi nayathamini maneno hayo kuliko ile 42, kwa sababu ndiyo yanayoniambia kesho niweke kadi gani. Mtoto aliyesoma “dada” kama “baba”, nimeshajua familia ipi irudi kwenye kasha.

Sasa dakika mbili za mwisho wa kipindi. Usikusanye wewe. Mpe mtoto mmoja kadi, mwingine mifuko ya vizibo, mwingine matini. Anayekusanya kadi azisome kwa sauti anapozifunga: ma, me, mi, mo, mu. Ikikosekana moja atasikia pengo mwenyewe, atainama chini ya meza, ataiokota, atatazama doa la nyuma na kuirudisha. Kisha mfuniko, na kasha linarudi rafuni likiwa tayari kwa kesho.