Madhabahu ni meza, na meza ni madhabahu

Tumsifu Yesu Kristo.

Ninyi mnaotandika altare kila Jumamosi jioni, tuanze na jina lake jingine, madhabahu. Madhabahu ni neno la Kiarabu, linatokana na dhabaha, kuchinja. Kabla ya kitambaa na maua, hapo palikuwa na kisu. Someni Walawi 1: mtu analeta ng'ombe dume asiye na kilema, anamwekea mkono kichwani, anamchinja. Makuhani wanapokea damu na kuinyunyiza pande zote za madhabahu. Kisha moto, na nyama yote inateketea.

Sadaka ya amani ni tofauti, na ndiyo inayotuhusu zaidi. Mafuta yanateketezwa, kidari na paja la kulia ni vya makuhani, nyama iliyobaki anakula aliyeitoa. Ikiwa ni ya shukrani, hailazwi hadi asubuhi. Basi tangu zamani palikuwa na sadaka inayoliwa, kwa hiyo anayewauliza altare ni meza au madhabahu, mjibuni: vyote viwili. Na Misa haimchinji Kristo upya. Waraka kwa Waebrania unasema alijitoa mara moja tu. Sadaka ni ile ile.

Sasa kazi. Bamba la altare ya kudumu, kwa desturi ya Kanisa, ni jiwe asilia, tena jiwe moja. Mwanza hii mawe hatuombi kwa mtu! Askofu akiitabaruku, yaani akiiweka wakfu, humwaga krisma, mafuta matakatifu, katikati na kwenye pembe nne. Jiwe lililopakwa krisma si mahali pa kuegesha chupa ya maji na simu ya mwalimu wa kwaya. Maua nayo yakae kando, chini.

Koporale, kile kitambaa kinachotandazwa altareni chini ya kikombe na hostia, mkate wa Misa, ndiyo inayokosewa sana. Hukunjwa sehemu tatu kwa upana, tatu kwa urefu, kwa ndani, ili chembe za hostia zibaki katikati. Unaitandaza ikiwa imelala mezani, mkunjo mmoja mmoja. Ukiikung'uta hewani kama shuka, chembe zinamwagika sakafuni. Kwenye vigango, yale makanisa madogo ya parokia, vya ufukweni, upepo wa ziwa ukianza, fungeni madirisha ya upande huo kabla ya matoleo, maana koporale ikipeperuka inabeba kila kitu. Kabla ya kufua, ilowekeni kwenye maji matupu, na maji hayo myamwage kwenye udongo safi, si kwenye karo. Sabuni baadaye.